Spana za Mbayuwayu

Bluffton, Ohio
9 Januari 1983

Shemeji Idella,

Salamu kutoka huku tulikogandishwa. Mimi mzima, masikio tu ndiyo yale yale, na hofu yangu yote ni juu yako na goti lako na hizo ngazi za nyumba yako. Je, umeshamwita fundi wa joto, au bado unalala na koti kwa ubahili?

Binti wa posta aliniuliza juzi, kwa kuniandikia kwenye kikaratasi, kwa nini mimi na wewe tunaandikiana kama wachumba wa zamani wakati simu zipo. Nikamwambia kwanza huyo ni mke wa marehemu ndugu yangu Merle, achunge mdomo. Pili, mtu aliyesimama ujana na utu uzima wake chini ya nyundo ya mvuke katika kiwanda cha kufua vyuma, simu ya nini? Hata ukinipigia kelele sikioni naona midomo tu.

Sasa nina habari. Jumamosi nilikwenda kwenye mnada wa shamba la marehemu Harley Basinger. Kina mama wa kanisa waliuza pai za tufaha, nikala, usiulize kiasi gani. Watu waligombea trekta na majembe. Mimi nikangoja masanduku ya banda la nyuma, yale ambayo dalali huyauza kwa jumla ili awahi kwake. Nikapata kreti nzima ya spana. Harley alizipaka rangi nyekundu ya trekta, na nyingi zimepinda kwa sababu alikuwa akizitumia kung'olea nguzo. Kuna za mdomo wazi, kuna za bomba, na ile moja ya kurekebisha ambayo siwezi kukuandikia mafundi wanaiitaje, wewe ni mama wa kanisa. Shumaker, yule mkusanyaji wa spana wa mji jirani wa Lima anayejiona profesa, alizitazama akabetua midomo. Nikafurahi sana.

Maana nyumbani nilipokwangua rangi nilimwona ndege. Mbayuwayu, shemeji, mdogo kuliko ukucha, amegongwa kwenye mpini, na chini yake kuna neno TANNERSFORD. Huo si mji wako? Chuma chenyewe hakina kromu, ile ngozi ya kung'aa. Kina weupe uliofifia kama spana nyingi za wakati wa Vita vya Pili, kromu yote ilipopelekwa jeshini. Nimepekua vitabu vyetu vyote vya wakusanyaji. Alama za spana za nchi hii tumezijua karibu zote, nani alitengeneza, mtaa gani, kiwanda kilikufa lini. Mbayuwayu hayumo.

Mkutano wa chama chetu cha wakusanyaji ni wiki ya tatu ya Februari. Anayeleta alama mpya pamoja na jina la aliyeitengeneza huandikwa kwenye gazeti la chama. Nitafutie huyu ndege kiota chake kilikuwa wapi. Goti likikataa, basi, sitanuna. Nitanuna kidogo.

Shemeji yako,
Wendell


Tannersford, New York
17 Januari 1983

Shemeji Wendell,

Nimepokea barua yako nikiwa salama, goti linalalamika na joto la nyumba limetengenezwa, kwa hiyo funga mdomo. Wewe je? Unakula chakula cha mtu au unaishi kwa maharage ya kopo?

Merle alikuwa akisema mtu akitaka kukuona umechangamka akupe chuma chenye kutu. Sasa umeniambukiza na mimi. Nimekwenda maktaba mara mbili wiki hii. Mkutubi alidhani natafuta ukoo wangu. Nilipomwambia natafuta ukoo wa spana alivua miwani akaifuta. Lakini alinisaidia. Tulifungua vitabu vya zamani vya anwani za mji, mwaka kwa mwaka, tukisoma viwanda vyote vya vyuma, na mbayuwayu akatokea kwenye tangazo la mwaka 1941, amekaa juu ya jina: Grice na Wanawe, kando ya mfereji.

Nimepita pale. Siku hizi ni ghala la matairi. Kuta bado nyeusi, na madirisha ya upande mmoja yamezibwa kwa matofali. Mwenye ghala hajui kitu. Anasema tu kwamba chumba kile cha madirisha yaliyozibwa aliambiwa asikitumie, naye hakuuliza kwa nini.

Ukiona vyaelea vimeundwa, na mimi sasa nataka kuwajua walioziunda hizo spana zako. Wanaume walikuwa vitani, kwa hiyo nadhani ni wanawake. Kanisani kwa Wapolandi kuna bibi mmoja, Stasia Wojnar, aliyefanya kazi kwa Grice akiwa msichana. Nitakwenda kumwona barabara zikisafishwa.

Vaa kofia. Baada ya Merle sina mtu mwingine wa ukoo ule ila wewe, na sipendi kuzika.

Shemeji yako mwenye goti,
Idella


Bluffton
24 Januari 1983

Shemeji mpelelezi,

Barua yako nimeisoma nikicheka mpaka paka akakimbia. Habari za huko? Huku ni salama, theluji iko magotini, na mimi ni mzima leo ingawa juzi sikuwa. Nitakueleza.

Grice na Wanawe! Nimelitamka jina hilo kwa sauti jikoni, ingawa mwenyewe siisikii. Lakini chama hakitanikubalia kwa tangazo la kitabuni peke yake. Wanataka kuona jina limegongwa kwenye chuma. Nikajua lazima liwe pale pale chini ya rangi na ule weupe. Wenzangu huloweka spana kwenye siki wiki nzima kama matango. Mimi ni mtu wa moto. Nikawasha jiko langu la mhunzi, nikafunga milango ya karakana kwa sababu ya baridi, nikachoma tatu zilizopinda, ili nizisafishe na kuzinyoosha kwa pamoja.

Rangi ya Harley iliungua upesi. Kisha ule weupe ukaanza kutoa jasho, ukatoa moshi wa kahawia ulioelekea umanjano. Matofali ya jiko yameshika vumbi la rangi ya ugoro. Nilipoisugua ya kwanza juu ya fuawe, jina likajitokeza chini ya ndege: GRICE. Nilipiga yowe, shemeji.

Usiku nikapata homa ya zinki. Usishtuke. Kila aliyefua vyuma vilivyochovywa kwenye zinki anaijua: mdomo unakuwa mtamu, kisha baridi, kutetemeka, kifua kubana, na asubuhi imekwisha kama haikuwapo. Kiwandani tuliipata Jumatatu hadi Jumatatu na dawa yake ni maziwa. Nilikunywa jagi zima nikalala. Imechukua siku moja zaidi kuliko zamani, lakini na mimi si yule wa zamani.

Nataka kreti yote iwe inang'aa siku ya mkutano. Shumaker ataumwa tumbo.

Shemeji yako mshindi,
Wendell


Tannersford
1 Februari 1983

Shemeji,

U hali gani? Nauliza kwa dhati, si kwa desturi. Mimi ni mzima wa mwili, lakini barua yako imenikosesha raha, na nilipotoka kwa Bi Stasia raha yenyewe ilikwisha kabisa.

Alinipokea vizuri. Chai, keki ya mbegu za mpopi, picha za wajukuu. Ni mwanamke mkubwa wa mwili, mikono kama ya mwokaji, anacheka kwa urahisi. Alinisimulia jinsi wasichana walivyovaa suruali kwa mara ya kwanza, jinsi walivyomtania msimamizi. Mbayuwayu alichorwa na mke wa Bwana Grice. Niliandika kila kitu kwa ajili ya gazeti lenu.

Kisha nikasema, kwa majivuno yako uliyoniambukiza, kwamba shemeji yangu ana kreti nzima na anazichoma ili aone jina.

Akaweka kikombe chini. "Anazichoma zikiwa nyeupe?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo, zikiwa nyeupe.

Mikono yake ilikamata kitambaa cha meza. Kisha akainuka, akanipa koti langu, akasema amechoka, nirudi siku nyingine. Nilipokuwa kwenye ngazi nilimsikia akifunga mlango kwa ufunguo.

Labda ni uzee. Lakini sikuupenda uso wake. Nitarudi kwake, hata akinifukuza. Wewe nifanyie hisani moja: usichome tena hadi nikuandikie. Weka kwenye siki kama wenzako. Nakusihi, Wendell, kama ambavyo Merle angekusihi.

Shemeji yako,
Idella


Bluffton
Jumapili, 6 Februari 1983

Shemeji mwenye wasiwasi,

Salamu baada ya kanisa. Mchungaji alihubiri juu ya uvumilivu, kwa mujibu wa midomo yake. Natumaini goti linakuvumilia. Mimi sijambo.

Barua yako ilinikuta nimeshachoma nyingine chache, kwa hiyo usiseme nimekuasi, nimekuasi kabla sijajua. Zimetoka nzuri ajabu. Homa ilinirudia, nikainywea maziwa, nikaamka. Kimebaki kikohozi kikavu na kichwa kuuma kidogo, na nikibeba kuni kutoka uani nalazimika kusimama katikati nivute pumzi. Ni baridi. Huku kila mtu anakohoa. Kanisani leo niliwaona wote wameziba midomo kwa mikono.

Bi Stasia wako mwache apumzike. Wazee tukikumbushwa ujana wetu huwa tunachoka. Wewe unaogopa moshi kwa sababu hukuishi nao. Mimi nimeula moshi tangu nikiwa kijana, na moshi ungekuwa na kesi na mimi ungeshanishitaki.

Utabiri unasema barafu itaanguka kuanzia Jumatano, hakuna atakayetoka. Siku nzuri ya kazi. Ijumaa nitaning'iniza mablanketi mlangoni kuzuia upepo, niwashe jiko tangu asubuhi na kumaliza kreti yote kwa mkupuo mmoja. Barua yako ijayo itanikuta napanga ndege wangu mezani.

Shemeji yako asiyekufa kwa moshi,
Wendell


Tannersford
Alhamisi, 10 Februari 1983
KWA HARAKA

Wendell,

Leo sikusalimu. Zima jiko. Ukiwa umeshawasha, acha kila kitu, toka nje ya karakana sasa hivi, ufungue milango kwa upepo, ndipo uendelee kusoma.

Barua yako ya Jumapili imefika leo asubuhi. Niliisoma nikaenda kwa Bi Stasia mbio na goti langu hili. Nilimsomea maneno yako mlangoni, kile kikohozi, lile vumbi la ugoro. Alinivuta ndani na safari hii hakunyamaza.

Ule weupe si zinki. Wakati wa vita Grice alizichovya spana katika chuma kingine kinachoitwa kadimiamu. Kikiwa baridi hakina neno, unaweza kukishika maisha yako yote. Kikichomwa, moshi wake ni sumu. Pale kiwandani kulikuwa na chumba cha kunyoosha zilizopinda, nazo zilinyooshwa kwa moto kabla ya kuchovywa. Wiki moja jeshi lilikuwa linangoja mzigo, na msimamizi akawaletea wasichana zilizokwisha kuchovywa, akasema nyoosheni hizi hizi. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa mapazia meusi ya vita, ya kuficha taa. Mdogo wake Stasia, Helcia, alikuwa humo pamoja na wenzake wawili.

Sasa soma polepole. Usiku ule walipata homa. Mafundi wa kiume wakasema ni homa ya zinki, wanywe maziwa. Wakanywa. Kesho yake Helcia aliamka akiwa mzima. Stasia anasema alikula kuliko kawaida, akacheka jikoni, akacheza na kaka yao mdogo, akasema, "Nimepona, mlikuwa mnanililia bure." Usiku uliofuata mapafu yalijaa maji. Alikufa ameketi, kwa sababu akilala alikuwa anazama. Wenzake walifuata kabla hajazikwa. Kwenye vyeti iliandikwa ni kichomi, na chumba kile kikazibwa.

"Mwambie nafuu ndiyo inayodanganya," Stasia aliniambia. Alikuwa analia. Hajawahi kumsimulia mtu, na siku ile nilipomwambia unazichoma alidhani umeshakufa na hakuwa na moyo wa kuniambia.

Kwa hiyo wewe kuamka mzima si ushahidi wa kitu. Ulichovuta mpaka sasa kilikuwa kidogo, ndiyo maana bado unaandika. Kreti yote, milango ikiwa imezibwa kwa mablanketi, itakuua.

Nimejaribu kuwapigia majirani zako, opereta anasema barafu imeangusha nyaya za barabara yenu. Nimempata sherifu, mkuu wa polisi, huko mjini kwenu. Nimemwambia wewe ni mzee, unaishi peke yako, na unafanya kazi ya hatari. Kijana aliyepokea simu alisema mtu atapita kukuangalia kama u mzima. Sina hakika alinielewa, nilikuwa napiga kelele. Barua hii naituma kwa njia ya haraka zaidi iliyopo posta, na mleta barua hawezi kuiacha bila sahihi yako.

Nimekasirika na wewe. Nilikuomba ungoje. Ukiipata, hata kama hujisikii chochote, nenda hospitali uwatajie jina la chuma hicho. Watajie kadimiamu. Usiwaambie ni mafua. Nakupenda, mzee mkaidi wewe. Merle alinifia mikononi nikafikiri nimemaliza kuzika.

Idella


Bluffton
Jumamosi, 12 Februari 1983

Shemeji Idella,

Habari za huko na za barafu? Mimi ni mzima kabisa, hofu ni kwako tu.

Kazi imekwisha! Jana nilijifungia tangu baada ya kahawa ya asubuhi hadi giza, mablanketi mlangoni, na kreti yote imepita motoni. Sasa hivi ndege wangu wamejipanga mezani hapa jikoni na kila mmoja jina la Grice linasomeka. Mchana gari la sherifu lilisimama barabarani. Kijana akateremka akatazama moshi wa bomba langu. Nikatoa kichwa dirishani nikampungia mkono. Naye akanipungia, akaingia garini, akaenda zake. Sijui alipotea njia.

Usiku homa ilikuja na meno. Nilitetemeka hadi kitanda kikasogea, nikadhani safari hii nimepatikana. Nikanywa maziwa, nikangoja. Na leo asubuhi, shemeji, nimeamka mwepesi. Kifua kimefunguka, kichwa hakiumi. Nimekaanga mayai na viazi, nimekula vyote nikaongeza mkate, na nimecheka peke yangu hapa jikoni nikifikiria sura ya Shumaker. Nimepona. Ulikuwa unanililia bure.

Mchana

Curtis wa posta amekuja na bahasha yako. Aligonga dirisha mpaka nikauona mkono wake, nikatia sahihi. Nimeisoma nimesimama. Kisha nimeisoma tena nimeketi.

Halafu nimesoma nilichokuandikia asubuhi, hapo juu.

Nilitaka kuichana. Nimeiacha, kwa sababu madaktari watataka kujua lini na kwa muda gani, na huenda nisiwe na pumzi ya kuwaeleza. Nimempa Curtis barua yako asome. Rangi imemtoka. Ameniandikia kwenye bahasha kwamba ananipeleka hospitali Lima kwa gari la posta, barua za watu zitangoja. Amenishikia koti. Nimemwomba anivumilie nimalize mistari hii, naye ananivuta mkono wa kushoto huku naandika kwa wa kulia.

Kifua kimeanza kubana tangu nilipokuwa kwenye ukurasa wako wa pili. Sijui ni woga au ndiyo yenyewe. Kiwandani nilijifunza aina moja ya maradhi ya moshi nikadhani nimejifunza yote. Watu wa zinki walinifundisha maziwa na mimi nikawafundisha vijana wengine wengi, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ni chuma gani.

Mtu asiziguse hizi zilizo mezani wala vumbi la karakana. Kwenye gazeti la chama, penye mtengenezaji, waandike Helcia na wenzake. Bi Stasia atakupa majina kamili.

Naogopa, Idella. Njoo kama njia inapitika.

Shemeji yako,
Wendell